Gunia Lisilokamuliwa

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie.

Wakati huo wa utawala wa jeshi, mume wetu alikuwa amepelekwa mpakani na kikosi chake, na habari zake zikakatika. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wake wawili, mimi mkubwa, na mdogo ni yule bibi aliyemzaa mama yako. Tuliishi chumba kimoja katika kambi ya askari, upande wa Kibuli. Mkuu wa jiko la kambi, ambaye ndiye aliyegawa vyumba, alitukumbusha kwamba chumba ni cha anayetumikia jeshi. Lakini jiko lake halikuwa na kuni wala makaa. Malori yalikuwa yamekwama kwa kukosa petroli. "Nileteeni kitu cha kuwaka," alisema, "nami sitawaona mnapopita."

Basi tulikwenda kwa miguu hadi soko la Kalerwe, kufagia chini ya mabanda ya wauza makaa. Tulipata vumbi na chenga zilizochanganyika na mchanga. Ukizitia katika pipa la maji, mchanga hutua na makaa huelea. Unayachota, unayachuja kwa gunia, unayachanganya na udongo wa kinamo, ule unaonata, unafinyanga madonge na kuyaanika. Kazi yote iko katika kuchuja. Makaa yakibaki na maji, donge hukauka ngozi tu, ndani likabaki bichi.

Mimi nilikuwa na haraka. Nililisokota gunia tangu mwanzo kama mtu anayekamua blanketi, na mke mwenzangu nikamshikisha upande wa pili.

"Dada mkubwa, hii si nguo," alisema. "Ukilibana mapema, unga laini utaziba matundu. Maji yatapita wapi?"

"Kwenu mlifundishwa uvivu," nikamjibu. "Sokota."

Maji meusi yalitoka kwa kitambo, kisha yakakoma. Nikadhani yamekwisha. Jumatatu madonge yalipasuka jikoni, yakafuka moshi, na posho, ule ugali wa askari, ikatoka mbichi. Mkuu wa jiko alinitazama huku akipangusa macho. "Mama, umenipikia mawingu. Nawapa hadi Ijumaa. Baada ya hapo, fungeni mikeka yenu."

Nilichoka hata ugomvi ukanishinda. Nikamwachia mke mwenzangu gunia. Alitandaza ndani yake zile chenga nene nilizokuwa nikizitupa, akamimina tope la makaa juu yake polepole, akalitundika gunia kwenye boriti, wala hakuligusa tena. Tulikaa chini tukisikiliza matone tangu asubuhi hadi adhuhuri. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Ndipo akalilaza gunia na kuliwekea jiwe la kusagia.

"Sasa kalia," aliniambia. "Leo unene wako umepata kazi."

Nikakalia.

Ijumaa madonge yaliwaka kimya. Mkuu wa jiko alipita mbele ya mlango wetu akitazama upande mwingine, na ndivyo alivyopita muda wote tuliokaa pale. Mume wetu hakurudi. Tuliendelea kuchuja mpaka weusi ukaingia katika mistari ya viganja.

Bibi yako alikufa bila kunisikia nikikiri. Alikuwa sahihi kuhusu gunia, nami nilimwita mvivu. Liandike hilo, kisha unisomee, nijue kwamba limo.