Mgeni Asilale

Mwenye nyumba wetu wa Buyenzi alipenda sheria kuliko alivyopenda paa. Paa lilivuja, na hilo halikumnyima usingizi. Jina lake nalijua, la baba yake pia, na la yule fundi cherehani wa chumba cha mwisho aliyekuwa akimpelekea umbeya wetu. Sitawapa heshima ya kuandikwa.

Tangu arudi Makka tulimwita Haji. Kila Ijumaa baada ya swala alipita uani, kanzu imenyooka kama ubao, kutukumbusha wajibu wa mpangaji. Ua ufagiwe kwa zamu. Robine, lile bomba la maji la uani, ifungwe vizuri. Na sheria aliyoipenda kuliko zote: mgeni asilale. Wajibu wake mwenyewe, kama ule mlango wa choo tulioushika kwa mkono tukiwa ndani, haukumjia kichwani hata siku moja.

Vita ilipowaka mtaa wa Kinama, binti wa mdogo wangu alinijia na kichanga mgongoni na sufuria mkononi. Mumewe alibaki nyuma kulinda nyumba, na mama yake, mdogo wangu, hakutaka kuondoka kwake. Nikamtandikia mkeka. Ulitaka nimwambie nini, kwamba hapa mgeni halali?

Fundi alifikisha habari kabla chai haijachemka. Haji akaja.

"Mama, huyu nani?"

"Mutoto wangu."

"Watoto wako nawajua. Huyu mi sikumupangisha."

"Hata panya hukuwapangisha, Haji, na wanalala."

Ua mzima ulicheka. Yeye akavuta kanzu yake, akasema Ijumaa ikifika mtoto huyo awe ameondoka, la sivyo nitoke naye. Akimruhusu mmoja, Kinama yote itahamia kwake. Sasa huyo mtoto aende wapi? Arudi kwenye risasi?

Kabla ya Ijumaa habari zikaja: mumewe ameuawa, majirani wamemzika hukohuko, nyumba imeungua. Tukaweka matanga uani. Haji naye akaja, maana penye watu wengi hakosi, akakaa mbele kabisa. Aliomba dua ndefu mpaka wazee wakaanza kubadilisha magoti. Kisha utamu wa sauti yake ukampanda. Akasema, waliokuwa nje barabarani nao wasikie, kwamba mjane ni amana ya Waislamu wote, na huyu akae eda yake papa hapa, miezi minne na siku kumi, asisumbuliwe na mtu yeyote.

"Amina!" watu wakaitikia. Mimi nilipiga amina ya kuvunja koo. Nikamwona amebaki mdomo wazi: ndiyo kwanza amekumbuka nyumba ni ya nani.

Kesho yake akanivizia robineni.

"Mama, eda inakaliwa kwa nyumba ya mume."

"Nyumba ya mume imeungua. Na we ulisema hapa, mbele ya watu."

"Nilisema kwa jumla."

"Basi enda musikitini, uwaambie ulisema kwa jumla."

Hakwenda. Mtu wa aina ile humwogopa Mungu Ijumaa, na majirani siku zote. Alichoweza ni kupita dirishani kwetu akikohoa, na kuuliza wanawake kama eda haijakaribia kwisha. Mtoto wangu alikuwa ndani, ananyonyesha, anamsikia. Kila kikohozi kilimpunguzia maziwa.

Katikati ya hayo, wapangaji wakaanza kuvuka mpaka kwenda Uvira. Wa kwanza kukimbia alikuwa fundi, aliyekuwa akitwambia waoga ni watu wa Kinama. Vyumba vikabaki vitupu, na hakuna aliyekuja kuvitafuta.

Eda ilipokwisha, wanawake walikuja kumwosha na kumvika kitenge kipya. Nilikuwa nimeshakunja mkeka, nikingojea kufukuzwa. Haji alisimama mlangoni.

"Mama, chumba cha fundi kiko wazi. Chumba bila mutu wanakiiba bati. Mutoto wako hawezi kukikamata, akae?"

Binti yule, ambaye siku zote zile alikuwa haongei, akamtazama usoni.

"Na mama yangu akija toka Kinama, atalala wapi, Haji?"

"Chumba ni chako."

"Apana. Nimeuliza atalala wapi."

Haji akawatazama wanawake. Hakuna aliyemsaidia.

"Atalala," akasema, kama anameza kwinini.

Tukahamia mara moja, kabla hajatunga sheria nyingine.