Shuka la Sinema na Kikapu cha Mama Mkwe

Saa kumi alasiri, Goba. Mwishehe Kondo anafua sinema yake.

Amekunja suruali mpaka magotini, ameinamia karai la bati, anasugua shuka la bafta lenye upana wa ukuta wa chumba. Kwanza sabuni ya mche, kisha buluu, kisha anapaza sauti: "Bi mkubwa! Njoo tukamue!"

Anamwita hivyo mkewe, Mwajabu, ingawa hana bi mdogo. Na katika gari wanaloishi, huyo bi mdogo angelazwa wapi?

Mwajabu anaacha mchicha kwenye mafiga, anashika ncha ya pili ya shuka, wanalisokota mpaka maji yanawarukia watoto waliokuja kushangaa mwanamume anayefua hadharani.

"Shuka likiwa na doa la mchuzi," anaeleza Mwishehe, "doa linamkaa mtu usoni mpaka filamu iishe. Watazamaji wanaanza kuniuliza, yule bwana ana ugonjwa gani?"

Gari lenyewe ni Bedford kuukuu lenye bodi la bati. Ubavuni bado yanasomeka maandishi ya serikali, japo Mwishehe ameyapaka rangi mara mbili. Ya serikali hayafutiki upesi. Ndani mna kitanda, mashine ya sinema, jenereta, mtungi wa maji, na karibu na mlango kinaning'inia kikapu kikubwa cha ukindu kilichojaa mikanda ya filamu. Kikapu hicho kina kisa chake, tutakifikia.

Jioni hii shuka hili litafungwa kati ya minazi miwili, ndani ya ua wa makuti alioazimwa na mwenyeji. Watu watakuja na mikeka yao. Umeme haujafika huku, na vibanda vya video vilivyojaa mjini kama uyoga vinaishia umeme unapoishia. Zaidi ya hapo ni himaya ya Mwishehe: Goba, Mbagala, Mtoni, Kigamboni ng'ambo ya maji.

Kuketi mbele ya shuka ni shilingi mia. Kuketi nyuma yake ni hamsini.

Nyuma picha inaonekana vilevile, maana bafta hupitisha mwanga, ila imegeuka. Maandishi yanasomeka kinyumenyume, jambo ambalo halimuumizi asiyejua kusoma. Kinachowaudhi wa nyuma ni kwamba watu wote kwenye filamu wanakula kwa mkono wa kushoto.

"Kila siku wananiuliza," anacheka Mwishehe. "'Hawa Wazungu hawakufunzwa na mama zao?' Nawaambia lipeni mia, mje mbele, muwaone wakila kiungwana."

Lakini wengi hawakai nyuma kwa sababu ya hamsini. Wanakaa kwa sababu ya wakwe. Huku pwani mtu hawezi kukenua magego mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hawezi kugaragara kwa kicheko mkwewe akimwona. Basi mkwe mmoja hukaa mbele, mwingine nyuma, shuka likawa pazia la heshima katikati. Wanatazama filamu moja, wanacheka pamoja, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Mwishehe hakubuni mpango huo. Ulijipanga wenyewe, jioni ya kwanza tu.

Alikuwa dereva wa gari la sinema la serikali kwa miaka kumi na tisa, akizunguka vijijini na filamu za kulima pamba na kunawa mikono. Mwaka 1993 kazi zilipunguzwa, na yeye akapunguzwa nazo. Akapewa kiinua mgongo, na wiki ileile akasikia gari lake linapigwa mnada pamoja na mashine na mikanda iliyosalia.

Pesa zile zingetosha kiwanja hapahapa Goba, wakati huo bado pori la mikorosho na nyani. Mwishehe akanunua gari.

"Kiwanja ningekaa nacho tunatazamana," anasema. "Gari hili mie ndiye ninayejua linapokohoa."

Mtu mmoja hakusamehe ununuzi huo: Bi Naima, mama yake Mwajabu, anayeishi Kigamboni na kuuza samaki wa kukaanga. Aliposikia kwamba bintiye anaishi ndani ya gari, alisema maneno ambayo gazeti hili limeyapunguza chumvi: "Nilimwozesha mtu. Sikumpakia kama mzigo."

Hata hivyo gari lilianza kuwalisha. Jioni njema, akishatoa mafuta ya gari na ya jenereta, Mwishehe hubaki na kama shilingi elfu tatu. Jioni ya mvua hubaki na matope.

Kikwazo kilikuwa filamu. Kukodi mikanda mipya ni kazi ya Wahindi wenye majumba ya sinema, na mikanda aliyoikuta garini watu walishaichoka. Ndipo akamkumbuka Theonest, karani Mhaya aliyefahamiana naye kazini zamani, ambaye sasa analinda maktaba ya filamu kwenye ubalozi mmoja mjini. Filamu za pale huazimwa bure, sharti zirudi zikiwa nzima.

"Chukua, bwana," Theonest alimwambia siku ya kwanza, akimlundikia makopo ya mikanda mikononi. "Hapa wanaozitazama ni mende, na mende hawapigi makofi."

Zilikuwa filamu za milima, theluji, ng'ombe wenye kengele shingoni na watu wanaotengeneza jibini, zote kwa lugha ambayo hata Theonest haijui. Mwishehe akaondoa sauti, akashika kipaza sauti, akaanza kusimulia mwenyewe.

Tangu hapo hakuna filamu inayochakaa mikononi mwake. Ile ya zamani ya serikali ya kuchimba choo, sasa ni ya ndugu wawili wanaotafuta hazina ya babu. Shimo linavyozidi kwenda chini, ndivyo watu wanavyozidi kushika vichwa.

Na ile ya jibini imekuwa kipenzi cha vitongoji vyote. Ndani yake mna kijana mchunga ng'ombe, na mna bibi mmoja mnene mwenye ndoo ambaye hatabasamu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwishehe alimtazama bibi yule mara moja tu, akajua ni nani. Akamwita Mkwe.

Mkwe humnyima kijana maziwa. Mkwe hunusa sufuria zake. Mkwe humuuliza kijana anayelala zizini: "Nyumba yako iko wapi?" Watazamaji hulia machozi kwa kucheka, na wakimwona tu anatokea na ndoo, hupiga kelele: "Huyooo! Kaja!"

Sifa za Mkwe zilisambaa. Zilipanda pantoni pale Magogoni, zikavuka maji.

Mwezi uliopita, gari likiwa Mtoni, Bi Naima akatuma salamu: anakuja kuona kwa macho yake. Akiridhika, ataondoka peke yake. Asiporidhika, ataondoka na mwanawe.

Alifika saa tisa alasiri, kavaa kanga mpya nyeupe, kichwani kabeba kikapu kikubwa cha ukindu. Kikapu kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeuliza ni cha nini. Kila mtu alijua kinatosha nguo za mwanamke mmoja.

Mwishehe alijificha nyuma ya injini, kama heshima inavyotaka na kama woga unavyoshauri. Akawa anasikiliza hatua za mama mkwe ndani ya bodi la gari.

"Alibonyeza godoro," anasimulia Mwajabu. "Akafunua mtungi, akanusa. Akapitisha kidole juu ya mashine kutafuta vumbi. Mama akinyamaza ni afadhali atukane."

Jioni Mwajabu akamkalisha mama yake nyuma ya shuka, kwenye mkeka, naye akakaa ubavuni kwake. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kila siku Mwajabu ndiye hufunga shuka. Siku ile alikuwa na mgeni, akafunga Mwishehe, fundo la mtu mwenye haraka ya kujificha.

Filamu ilikuwa ile ya jibini. Nyingine za ubalozi zilikuwa zimerudi kwa Theonest, na za serikali watu wa Mtoni walishaziona.

Bibi mwenye ndoo akatokea. Ua mzima ukapaza: "Huyooo! Kaja!" Mwishehe akasema kwenye kipaza sauti kwamba bibi huyu ni mama mwenye huruma, anampelekea kijana maziwa, anamwombea dua.

Kisha mtu wa mbele akaropoka: "Wee Mwishehe, leo umekula nini?"

"Mpe roho yake!" akadakia mwingine. "Huyo siye! Huyo umempaka asali!"

Kadiri walivyodai ubaya, ndivyo alivyozidisha wema. Bibi akasamehe madeni. Bibi akagawa ng'ombe. Nyuma ya shuka ikasikika sauti ya kike ikicheka, kicheko kikubwa kisichokata, na Mwishehe akiwa na jasho mpaka kwenye soksi hakuitambua.

Upepo ukaja mara moja tu. Fundo likaachia, shuka likaanguka kama kuku aliyechinjwa.

Mwanga wa mashine ukapiga moja kwa moja kwenye mkeka wa nyuma, na pale kwenye kanga nyeupe alikuwa Bi Naima, kichwa kimeinuka, mdomo wazi, magego yote nje. Ng'ombe wenye kengele wakampanda begani, wakamshukia tumboni. Bibi mwenye ndoo akapita kifuani pake.

Mwishehe alivua kofia akajifunika uso. Kuzima mashine alisahau.

"Nikajua basi," anasema. "Mke hana mume, mume hana mke. Mie nimebaki na gari."

Kisha sauti ya Bi Naima ikasikika, lakini haikuelekezwa kwa mkwewe. Adabu haivunjiki kwa sababu ya upepo.

"Mwajabu! Mwambie mumeo azime hiyo taa, ng'ombe wananikanyaga."

"Mwambie mama nimezima," akajibu Mwishehe kutoka ndani ya kofia, akipapasa swichi.

"Mwambie nimevuka maji kuja kumsikia yule mkwe mwenye roho mbaya wanayemsema mpaka sokoni kwetu. Huyu wa leo ni nani?"

"Mwambie mama ni yuleyule. Ila leo alikuwa na mgeni."

"Mwambie mgeni amelipa hamsini yake."

Wanaosimulia wanasema kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabara ya Kilwa. Mwajabu akafunga shuka upya, kwa mafundo yake. Filamu ikarudishwa nyuma, bibi mwenye ndoo akarudishiwa roho yake, akanyima maziwa, akanusa sufuria. Nyuma ya bafta Bi Naima alipiga mapaja akisema: "Mshenzi huyu! Mshenzi!"

Usiku huo mama na binti walilala garini, na Mwishehe akajibanza kwa jirani, akisubiri hukumu ya asubuhi.

Asubuhi Bi Naima alikunywa chai, akajitanda kanga, akateremka mikono mitupu. Mwajabu akamkimbilia: "Mama, kikapu chako!"

"Kaa nacho," akajibu bila kugeuka. "Sina cha kubeba."

Mwajabu anakiri kwamba alikaa chini palepale kwenye vumbi. "Nilipumua, ndugu yangu. Miaka mitatu nilikuwa napumua nusu. Wenzangu nyumba zao zina madirisha, yangu ina matairi. Nikigombana na jirani, asubuhi yeye ndiye anayebaki na ugomvi."

Bi Naima, aliyekutwa kwake Kigamboni akigeuza samaki kwenye karai, hakutaka kusemwa kwamba alishindwa. "Godoro lake gumu," alisema. "Lakini maji ya mtungi hayanuki, na mwanangu kanenepa. Mtu hanenepi mahali anapoonewa. Hata huyo mwanamume mwenyewe naona kajaajaa mwili, ingawa sikumtazama."

Hakumtazama, lakini amewakaribisha. Baada ya wiki mbili gari litapanda pantoni, sinema itaonyeshwa kwenye ua wake. Kuna sharti: hataki tena kukaa nyuma. Anataka kuhakikisha kama kweli wale watu wanakula kwa mkono wa kulia.

Ndiyo maana Mwishehe ameazima msumeno wa chuma. Anataka kukata tundu kwenye bodi la Bedford, kubwa la kutosha mdomo wa mashine, ili afanye kazi akiwa ndani na mama mkwe akae mbele kwa amani. "Mwanga utoke," anasema, "haya ibaki ndani."

Jua limeteremka. Shuka limekauka, linanukia sabuni, na mke na mume wanalikunja wakifuatana kwa hatua kama watu wa ngoma. Lakini Mwishehe ana wasiwasi mwingine. Kutoka Kigamboni zimekuja salamu mpya: yule mkwe aongezewe ubaya, wageni watakuwa wengi.

"Ubaya umeniishia," analalamika. "Maziwa kanyima. Sufuria kanusa. Sijui afanye nini tena."

"Mfanye aje na kikapu kitupu," anasema Mwajabu.

Mwishehe anatazama upande iliko Kigamboni, mbali kabisa, kisha anapunguza sauti.

"Hiyo," anamwambia, "tutaiweka siku shuka ukiwa umelifunga wewe."