Nyumba ya Hemed Isiyopigwa Plasta

Hemed ni fundi wa mawe, na akianza kusifu kazi yake heri ujifanye una safari. Nyumba yake iko hapa kwetu karibu na Kariandusi, chini ya miamba yenye pango wanamolala pimbi, mawe matupu ndani na nje. "Plasta ni ya kuficha kazi mbaya," hukuambia, hata kama umekuja kuomba chumvi tu. Khamisa, mkewe, alimwonyesha nyufa mpaka akachoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alimwambia. Hemed akasema mambo ya ukuta aachiwe yeye.

Mwaka wa 2007 binti yao Farhiya akatokwa na kidonda shavuni, kikakataa kupona mpaka akachomwa sindano nyingi hospitalini. Daktari akasema kimeletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayejificha kwenye nyufa za mawe. Khamisa akafunga mizigo. "Baba Farhiya, kama usubi huyo anaishi kwa ukuta wetu, mimi na mtoto tunahamia kwa dada yangu Nakuru."

"Hao wabaya wako pangoni," Hemed akasema. "Wangu ni wapole."

Wangu, eti. Mtu mzima anatetea usubi kama ng'ombe wake.

Ndipo akaja Wariara, msichana wa maabara, akatega karatasi za mafuta za kunasa usubi pangoni na chumbani kwa Farhiya. Alitueleza kwamba usubi wa kike wa aina tofauti hufanana hata chini ya darubini, kwa hivyo wao husoma DNA ya mitokondria, ile ambayo kiumbe hurithi kwa mama peke yake. Nilicheka. Kumbe hata usubi huulizwa mama yako ni nani. Khamisa akasema atangoja majibu, lakini mizigo haifunguliwi.

Wariara aliporudi na majibu, tulikuwa uani tukinywa chai. Akasema wa chumbani na wa pangoni ni aina moja, ile ile inayoambukiza.

"Hata wale wapole?" nikamuuliza Hemed. Khamisa akaingia ndani, akatoka na mizigo.

Farhiya akagusa kovu lake. "Baba, watu wakija hapa, wewe wanaangalia mawe yako. Mimi wananiangalia hapa."

Siku hiyo nilimhurumia Hemed, kweli. Aliweka kikombe chini, akaenda kutafuta mwiko na simiti. Alianza na chumba cha mtoto, na Khamisa akakaa juu ya mizigo yake akimwonyesha nyufa, moja baada ya nyingine.