Shati la Shangazi Verna na Kidoti Chekundu

Kambi yetu ya uwindaji iko huku milima ya Potter, kaskazini mwa Pennsylvania, na ukuta wake mmoja umejaa vipande vya mashati vilivyopigiliwa misumari. Ukimkosa kulungu, ukirudi kambini unakatwa mkia wa shati, ule upindo wa nyuma, kipande kinaandikwa jina lako na mwaka, kinaenda ukutani. Babu yupo pale. Baba yupo mara kadhaa. Mimi sitaki kuhesabu. Ila shangazi Verna hayupo, na mwanamke yule alianza kuwinda kabla mimi sijazaliwa.

Ukimwona tu huwezi kudhani. Mfupi, mnene, mpishi wa watoto wa shule ya msingi, anatembea na chupa ya kahawa kama mtu mwingine anavyotembea na simu. Ana ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Kibaniko cha mkate kikiunguza upande mmoja, yeye hanunui kingine. Anakifungua mezani, skrubu zinasambaa, anauliza kwa nini upande huu na siyo ule. Mimi nimerithi kwake. Shule ilinishinda kwa sababu hiyohiyo, maana kule ukiuliza sana unaambiwa ukae chini.

Mwezi wa tisa alikuja nyumbani kwetu na jeraha juu ya nyusi ya kulia, limepinda kama mwezi mchanga. Huku kwetu kila mtu anajua jeraha lile. Ukisogeza jicho karibu mno na darubini ya bunduki, ukafyatua, bunduki inarudi nyuma na darubini inakupiga usoni. Ni alama ya wanaojifunza.

Nikamwambia, "Shangazi, darubini imekubusu?"

"Funga mlango kwanza," akasema.

Nikafunga. Akakaa, akanieleza. Jicho lake la kulia limepata doa katikati, nyuma kabisa, na daktari wa macho amesema doa lile halisafishiki. Pembeni anaona vizuri. Katikati panafutika. Akiangalia ule msalaba wa kulengea ndani ya darubini, msalaba wenyewe haupo, ndiyo maana akawa anasogea, anasogea, mpaka ikamuuma.

"Sasa sikiliza. Siku ya kupima bunduki pale klabu ya shabaha, nikishindwa kuingiza risasi zote tatu kwenye sahani ya karatasi, natundika bunduki. Basi."

"Mwaka huu?"

"Milele. Sitampiga mnyama tumboni akaenda kufia korongoni eti kwa sababu mimi sitaki kuzeeka."

Nikamwona jinsi alivyoishika ile chupa ya kahawa. Hakuwa anatania.

Mimi nikajiona nina dawa. Nilikuwa na leza ndogo ya kufunga chini ya mtutu. Ukiibonyeza, nukta nyekundu inatua pale bunduki inapoelekea, huhitaji kuchungulia popote. Tukaenda nyuma ya ghala lake, nikaweka sahani kwenye uzio wa mwisho wa shamba, nikaiwasha.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko pale."

"Pale wapi? Wewe mwenye macho mazima, unaiona?"

Sikuiona. Jua lilikuwa linawaka, na kwa umbali ule nukta ilikuwa imeyeyuka. Kwenye ukuta wa karibu ilionekana, ukirudi nyuma kidogo inafifia, ukirudi tena hakuna kitu. Halafu akanikumbusha kwamba sheria za uwindaji za huku hazitaki ummulike mnyama kwa mwanga wa bunduki. Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa haionekani, na ingeonekana ingetutia matatani.

Tukaenda dukani kwa Denny, muuza bunduki wa mjini. Shangazi hakumwambia habari ya jicho, alisema tu darubini imemchosha.

Denny akamtolea kioo kifupi, kama dirisha dogo la kufunga juu ya bunduki. "Hiki hakikuzi kitu," akasema. "Ndani kuna kidoti chekundu. Hakimmuliki mnyama, kinakaa kwenye kioo. Unakiona wewe peke yako. Na jicho halilazimiki kukaa karibu, kwa hiyo hakiumi. Naona mtu ameumwa."

"Nilijigonga kabatini," shangazi akasema.

"Kabati lina duara zuri," Denny akajibu, akaendelea kufuta kaunta.

Shangazi akachungulia, akanipa. "Niambie unaona nini."

"Nukta. Duara, safi."

"Mimi naona buibui aliyekanyagwa. Nikimkazia macho anapotea."

Nikatoa simu, nikaweka kamera nyuma ya kioo, nikapiga picha. Kwenye picha nukta ilikuwa duara. Kwa hiyo kioo kizima, simu nzima, kilichobaki ni jicho. Shangazi aliitazama ile picha muda mrefu, nikaanza kujuta kuipiga. Halafu akafumba jicho la kulia, akachungulia kwa la kushoto.

"Kwa nini huku ni duara?" akauliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba binadamu ana jicho la akiba. Ila jicho la kushoto linataka bega la kushoto, na yeye tangu utotoni ni mtu wa kulia. Alipoiweka bunduki begani upande wa pili alionekana kama mtu aliyevaa koti la mumewe.

Tulikinunua. Na hapo ndipo leza yangu iliyoaibika ikapata kazi. Kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, mlango wa stoo ya mapichi yaliyohifadhiwa kwenye chupa upo mbali kiasi. Tulikuwa tunakagua bunduki kwamba ni tupu, mimi nakagua, yeye anakagua, risasi zinabaki ghorofani. Halafu naifunga leza chini ya mtutu, nazima taa. Yeye analenga kitasa kwa bega la kushoto, anafyatua hewa. Mimi naangalia nukta mlangoni.

Jamani, nukta ilicheza ngoma. Kila kidole kilipovuta, iliruka kwenda kulia, kama inzi aliyefukuzwa. Bila leza usingejua, maana bunduki yenye risasi inaruka yenyewe na kosa lako linajificha humo.

"Inarukia kulia kwa nini?" akauliza.

"Unavuta kidole chote. Vuta kwa ncha."

"Na wewe umejuaje?"

"Sijui, nakisia."

"Afadhali wewe unakubali," akasema, akajaribu. Ikaruka kidogo zaidi ya mwanzo. Tulicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Lakini kila jioni baada ya kazi nilipita pale, na nukta ikawa inatulia, inatulia, mpaka siku moja kidole kikavuta na nukta ikabaki kwenye kitasa kama imegandishwa.

Siku ya kupima bunduki ikafika. Tulianza kwa kurekebisha, maana kidoti kipya hakijui risasi yako inakwenda wapi mpaka ukipe mazoea. Risasi zilianguka chini kushoto, akazungusha skrubu ya juu, akazungusha ya pembeni, zikasogea. Ndipo tukatundika sahani mpya. Harlan Motter, mkuu wa kambi, alikuwa amesimama nyuma na mikono mfukoni.

"Verna, umegeuka lini kushoto?"

"Nimechoka na upande wa kulia. Nyamaza."

Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ilikula ukingo wa sahani, ikabidi twende tukaguse tundu kwa kidole. Ilikuwa imeng'ata karatasi. Shangazi alinipigapiga mgongoni.

Jumamosi ya kwanza ya msimu, theluji imelala, shangazi yuko juu ya jukwaa lake la mbao, mimi niko mtini ng'ambo ya kijito. Nikasikia mlio wake. Mmoja. Nikasubiri anipungie, hakunipungia. Nilipofika alikuwa bado amekaa juu, uso mweupe.

"Nimekosa," akasema.

Tulitafuta damu asubuhi nzima, theluji ile haifichi kitu. Hakuna tone, hakuna unywele. Kulungu aliondoka mzima. Lakini shangazi alikuwa anatembea kama mtu anayerudi mazikoni. "Kidoti kilikuwa begani mwake," akasema. "Nimekiona kama ninavyoiona pua yako. Kama hata jicho la kushoto linanidanganya, basi nimemaliza."

"Kwa nini likudanganye leo na siyo klabuni?" nikauliza.

Akasimama. Akanitazama, halafu akageuka akarudi kwenye jukwaa, mimi nyuma yake. Alipanda, akakaa vilevile, akaielekeza bunduki ikiwa tupu kupita juu ya mti wa ukingo wa jukwaa. Akachungulia kwenye kioo. "Peupe," akasema. Mimi nikashusha jicho mpaka usawa wa mtutu. Mbele ya mtutu kulikuwa na ule mti wa ukingo. Kile kioo kipya kinakaa vidole vitatu juu ya mtutu, darubini ya zamani ilikuwa imelala chini kabisa. Jicho lilikuwa linaona juu ya ukingo, risasi ikawa inapita ndani yake. Na kweli, mtaro upo kwenye mbao, mpya, mweupe, vibanzi vimesimama.

Shangazi alipitisha kidole kwenye ule mtaro mara nyingi. Nikaona mabega yake yanashuka.

Kambini Harlan alisikiliza yote, tumemletea hadi vibanzi, halafu akachukua mkasi.

"Kulungu yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai," shangazi akasema.

"Basi amekoswa. Ukingo hauna msimu wa kuwindwa, Verna. Usisingizie mbao."

"Ameua jukwaa lake mwenyewe," baba akasema kutoka jikoni, anageuza soseji. "Atalipika na nini?"

Na hapo shangazi, ambaye kwa miaka yote amekataa hata kuugusa ule mkasi, akatoa shati ndani ya suruali, akamgeuzia Harlan mgongo. Ndipo akawaambia habari ya jicho la kulia, yote, mpaka lile kabati. Harlan alisimama na mkasi hewani.

"Kata, bwana," shangazi akasema. "Kata kipande kikubwa, na chini ya jina uandike neno kushoto."

Wakati wanapigilia msumari alikuwa tayari amevaa buti, anauliza msumeno uko wapi, akapunguze ule ukingo kabla ya mchana wa kesho.