Vidonge vya Kukimbia Juani

Adhuhuri ya jua kali, kijana aliyelowa jasho aliingia duka la dawa mjini Nyeri, akasimama kando yangu mbele ya muuzaji.

“Nipee zile za kukimbia. Bado nakimbia mpaka Kiganjo.”

Alitaka ibuprofen, dawa ya kutuliza maumivu. Nilimuuliza kama amekunywa maji.

“Maji inafanya nakuwa mzito, guka,” akaniambia, yaani babu.

“Na mkojo wako una rangi gani?”

“Kama strungi, chai bila maziwa!” Akacheka. Muuzaji, ndani ya koti lake jeupe, akacheka pia huku akimfungia vidonge.

Nikawaambia kwamba ibuprofen katika mwili uliokaukiwa maji hivyo huweza kuharibu figo.

“Mzee, wewe unanunua nini?” muuzaji akaniuliza.

Kijana akameza viwili palepale, bila maji, akatoka mbio.

Nilikuwa nimekuja kununua plasta. Mwenye koti jeupe ndiye aliyepaswa kuuliza habari za mkojo, si mnunuzi wa plasta.