Mkia wa Nguruwe wa Bibi Treza

Bibi Treza Balažic ni mjane, mfuga nguruwe wa Prekmurje, huku mpakani, na hajawahi kunijibu swali hata moja sawasawa. Mimi, Nives, msomi mzima kutoka mji mkuu, Ljubljana, nilipanga chumba kwake ili niandike tasnifu: watu wa mpakani, je, wanajiona watu wa Ulaya? Tangu kiangazi alikuwa ananilisha keki ya jibini na tofaa, ananiita "dokta", na kunifukuza jikoni. Na mambo yote ya maana yalisemwa jikoni. Profesa wangu alishanionya: nisipopata kitu kufikia Krismasi, utafiti basi.

Siku moja nikambana akikausha mbegu za maboga.

"Bibi, unajisikia mtu wa Ulaya?"

"Ulaya? Ujana wangu wote nimeipiga deki kule Graz, ng'ambo ya mpaka, dokta. Naijua hadi uvunguni. Kula keki."

Novemba ikafika siku ya kuchinja. Kaka yake, Števan, akashika kisu, majirani wakaja kusaidia, kila mtu na kazi yake. Mimi nikakaa kwenye benchi na kalamu, nawauliza maswali ya kitaalamu watu wenye damu hadi viwikoni. Bibi Treza akapita nyuma yangu, akanipigapiga mgongoni.

"Andika, dokta, andika."

Jamani, nilifurahi! Hakuwahi kunigusa kabla ya hapo.

Nikapata nguvu ya kwenda kumhoji mwenyekiti wa kijiji. Nikaingia ofisini kwake, nikageuka kufunga mlango, nikaketi, nikaanza kumhubiria habari za mipaka na utambulisho. Midomo ikamtetemeka, machozi yakamlengalenga. Nikaandika: mhojiwa ameguswa mno na suala la Ulaya. Akili zangu hizo!

Niliporudi uani, watu walikuwa hoi kwa kicheko.

"Dokta," Števan akasema, "mbona Ulaya imekuota nyuma?"

Nikapapasa. Mkia wa nguruwe, umebanwa kwa pini kwenye koti langu zuri la sufu.

Nililia, sifichi. Nikapanda chumbani na koti langu vilevile, nikaanza kufungasha kwa hasira na aibu. Bibi Treza akanifuata, mikono inanuka vitunguu saumu.

"Unakwenda wapi, we mvivu?"

"Nyumbani. Mmenifanya kichekesho."

"Alaa! Mwaka jana alikuja mkaguzi wa hiyo Ulaya yako kutazama banda langu, siku ya kuchinja vilevile. Akakaa benchi lilelile, naye anaandikaandika. Tukampa keki, tukamwita bwana mkubwa, akaondoka na mgongo wake msafi. Mgeni nitamtania vipi mimi?"

Nikaweka soksi chini.

"Haya, Nives, shuka. Kuna matumbo ya kuosha, na huko jikoni hatuna mtu."

Nikashuka mbio, mkia ukiwa palepale mgongoni.