Ngozi ya Ndama, Barabara ya Modogashe

Pikipiki ya marehemu babu ni kongwe kuliko mimi, na kwa ukaidi inanishinda pia. Inakunywa mafuta kama lori, inamwaga oili kila inapoegeshwa, na mafundi wa Garissa wakiiona wanakumbuka ghafla kuwa wana kazi kwingine. Mimi naipenda. Siku hiyo ndiyo peke yake iliyokuwapo nyumbani ya kutufikisha Modogashe.

Simu ilikuja baada ya sala ya alfajiri. Habaryar, mdogo wake mama yangu, hooyo, alikuwa anapelekwa Nairobi kupasuliwa moyo. Angepanda lori la Isiolo pale Modogashe baada ya asri, na daktari hakuwaficha kwamba huenda asiamke. Mabasi yalikuwa yameshaondoka, gari la kaka yangu lilikuwa Dadaab. Hooyo alikaza mtandio, akakaa nyuma yangu upande upande, akashika mshipi wangu.

"Endesha," akasema. "Ukiniangusha nitakulaani kabla sijafika chini."

Tulikuwa tumepita nusu ya njia injini ilipoanza kukohoa, kisha ikazimika. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Nikasafisha plagi, nikapuliza kabureta, ndipo nikauona ubaya wenyewe: ule mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa umepasuka. Injini ilikuwa inavuta upepo badala ya mafuta. Niliuzungushia utepe wa umeme, joto likaulegeza, ukabanduka. Simu haikuwa na mtandao. Lori la maji lilisimama, lakini lilikuwa linaelekea Garissa, na dereva hakuwa na la kutupa ila dua.

Nilirusha spana kichakani. Hooyo alinitazama kwa utulivu ulioniudhi zaidi.

"Hasira hasara. Sasa nenda ukaiokote."

Nilipokuwa nimeinama kuitafuta ndipo niliposikia kengele za mbao. Familia moja ilikuwa inahama: mume, mke, watoto watatu, mbuzi, na ngamia waliobeba nyumba nzima, miti iliyopindwa na mikeka juu yake. Walisimama. Huku kwetu huwezi kumpita mtu aliyekwama, wala huwezi kumsaidia kabla ya kuulizana habari. Basi habari zikaulizwa. Mvua imenyesha wapi? Malisho ya huko mtokako vipi? Mifugo salama? Mimi nilikuwa natokota, jua linasogea, na hooyo anajibu moja baada ya jingine kama aliyekuja kunywa chai. Mwishoni kabisa, kwa sauti ileile, akasema, "Nina mdogo wangu Modogashe. Anaondoka baada ya asri, na naogopa sitamwona tena."

Kisha hooyo akaelekeza kidole kwenye mzigo wa ngamia wa mbele. "Ile ngozi ni ya nini?"

Ilikuwa ngozi ya ndama aliyekufa jana yake. Ngamia akifiwa hukataa kutoa maziwa. Wafugaji huitunza ngozi ya ndama, humpa mama yake ainuse, naye hudhani mtoto yupo, maziwa yakashuka. Ngozi ilikuwa bado mbichi, laini. Hooyo alikulia nyuma ya ngamia kabla ya kuletwa mjini, na alijua jambo ambalo mimi na spana zangu hatukulifikiria.

"Ngozi mbichi ikikauka huuma kuliko chuma," akaniambia. Akawageukia wenyewe. "Nipeni ukanda mmoja."

Mume alisita, na simlaumu. "Walaal, dada yangu, watoto wangu wanakunywa maziwa ya ngamia huyu. Ngozi ikiharibika akatukataa, tutawapa nini?"

Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Kata ya mguuni," akamwambia. "Mtu na dada yake."

Nikauzungushia mpira ule ukanda, nikaukaza kwa nguvu zangu zote, nikaufunga. Tukakaa kusubiri ukauke, jua likiunguza upande mmoja, joto la injini upande wa pili. Nilikuwa nikiugusa kila mara, mpaka hooyo akanipiga mkono.

Ndipo yule ngamia aliyefiwa akajitenga na wenzake. Alikuja polepole, akanipita kana kwamba sipo. Akainamisha ile shingo yake ndefu mpaka kwenye kabureta, akanusa. Akanusa tena, midomo ikitetemeka juu ya ukanda, akatoa sauti ya chini kabisa niliyoisikia kifuani kuliko masikioni. Mume alinyakua chombo, akasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, akaanza kukamua. Maziwa yalishuka kwa povu. Subhanallah! Mnyama mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu alikuwa amesimama jangwani, anambembeleza mwanawe kwenye pikipiki mbovu ya babu yangu. Nywele zilinisimama. Nilitamani kumwomba msamaha, na sikujua kwa Kisomali wala kwa Kiswahili ningeanzaje.

Hooyo alipewa kunywa wa kwanza. Aliangalia chini alipokuwa akinywa.

Ukanda ulipokuwa mgumu kama pembe, nilipiga kiki na injini ikawaka. Ngamia aliruka nyuma, kisha akatufuata hatua kadhaa barabarani akilia, mpaka mume akamfikia na ile ngozi iliyobaki. Sikugeuka nyuma tena. Sikuweza.

Tulifika Modogashe watu wakitoka msikitini baada ya asri. Lori lilikuwa linanguruma, habaryar ameketi mbele karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Hooyo alishuka kabla sijasimama vizuri. Akapanda kidato cha lori, akaingiza mikono yote miwili dirishani, akamshika mdogo wake uso.

"Tangu asubuhi najikaza," habaryar akasema. "Naona aibu kuogopa mbele ya watu."

"Ogopa," hooyo akamwambia. "Mimi nipo."

Utingo aligonga bodi ya lori. "Mama, njia iko mrefu. Shuka bole bole."

Hooyo hakusikia. Dereva aliwatazama wale wanawake wawili, akanyoosha mkono, akazima injini.